Nani ameitisha kazi hii? Vijana wa Beni na Butembo katika historia ya kujitolea



Katika Kwaresima iliyopita tuliketi na kikundi cha vijana wa hapa Bungulu ili kupanga kazi ya kujitolea. Mapendekezo yalikuwa yale tuliyoyazoea: kuzibua mitaro ya maji ya mvua, kuwafundisha kusoma watoto wa familia zilizokimbia mauaji vijijini, kuwatembelea wazee wasio na mtu. Majina yalikuwa yameanza kuandikwa, ndipo msichana mmoja aliyekuwa kimya tangu mwanzo akainua mkono na kuuliza: "Mwalimu, nani ameitisha kazi hii?" Wenzake walicheka, wakidhani anatafuta njia ya kukwepa jembe. Sisi hatukucheka. Tuliahirisha kikao, na swali lile ndilo lililotufanya tuandike kurasa hizi, kwa maana katika nchi yetu ya Beni na Butembo kila kizazi kimelazimika kulijibu kwa mikono yake, mara nyingi bila kupata nafasi ya kuliuliza.

Tarehe 5 Desemba ya kila mwaka dunia huadhimisha siku ya watu wanaojitolea, siku iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1985. Ni wachache wanaojua kwamba hapa Kongo tarehe hiyohiyo ina kumbukumbu nyingine. Tarehe 5 Desemba 1933 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilitoa amri ya kupanga upya utawala wa vijiji, na ndani yake ziliwekwa siku 60 kwa mwaka ambazo mwanakijiji angeweza kudaiwa kwa kazi zilizopewa jina la kazi za elimu. Mwaka 1942, vita kuu ya pili ilipohitaji mazao na malighafi, siku hizo ziliongezwa hadi 120. Jina lilikuwa zuri sana. Nani angeikataa elimu? Lakini mkulima hakuulizwa apande nini, wala bei hakuipanga yeye, na aliyekaidi alijua kwamba kifungo kilimngoja. Babu zetu walirudi kutoka mashamba hayo wakiwa wamejifunza jambo moja hakika: mtu akija na neno tamu juu ya kazi isiyo na malipo, mtazame kwanza amesimama upande gani wa shamba.

Uhuru ulikuja, na neno jipya likaja nyuma yake. Katika miaka ya 1970, chini ya Rais Mobutu, nchi nzima iliingizwa katika salongo, kazi ya pamoja ya kila juma kwa ajili ya taifa. Sisi tulioandikwa shule za msingi wakati huo tunaikumbuka vizuri. Tulitoka na majembe na fagio, tukaimba nyimbo za chama, na mtu mwenye daftari akapita kuandika majina ya wasiokuwapo. Safari moja tulipelekwa kulima shamba ambalo tuliambiwa ni la wote. Miezi michache baadaye tuliona mahindi yake yakipakiwa kwenye gari la mkubwa mmoja, na hakuna hata gunzi moja lililorudi shuleni. Hatumtaji, naye amekwisha kufariki. Tunachotaka kusema ni kwamba hatukuuchukia usafi wa barabara wala jembe lenyewe, ila tulizoea kujificha. Hata leo mzee wa Beni akisikia neno salongo, kwanza hutabasamu, halafu hutafuta fimbo yake aondoke.

Majirani zetu wana historia zinazofanana na hiyo. Wakenya walianza uhuru wao mwaka 1963 kwa mwito wa harambee, wakajenga shule nyingi kwa michango yao, lakini baadaye michango hiyohiyo ikageuka kuwa uwanja wa wanasiasa kujionyesha na wadogo kukamuliwa. Watanzania wana msaragambo, Wanyarwanda wana umuganda wa kila mwezi unaosimamiwa na sheria. Haitoshi kujua kwamba watu wamekusanyika na majembe.

Sasa tuje kwetu, katika sura ambayo wengi wenu mmeisikia nusunusu tu. Mwaka 1966 Emmanuel Kataliko aliwekwa kuwa askofu wa jimbo letu katoliki, baada ya Askofu Henri Piérard, mmisionari Mwasumpsionisti. Aliliongoza jimbo hili kwa miaka 31, hadi alipopelekwa Bukavu mwaka 1997. Miaka hiyo ndiyo miaka ambayo serikali ilikuwa ikijiondoa polepole katika maisha ya watu: barabara zilifunikwa na majani, zahanati zikabaki bila dawa, mishahara ikaja kwa kuchelewa na mwishowe isije kabisa. Wengi katika nchi walingoja. Huku kwetu, Baba Askofu, wafanyabiashara wa Butembo na wakulima wa milimani walifanya hesabu nyepesi. Viazi, kahawa na maharagwe havifiki sokoni bila barabara. Barabara haitatengenezwa na mtu wa mbali. Basi itatengenezwa na wale ambao mzigo wao unaoza njiani. Watu wa vijijini walitoa nguvu zao, wenye malori walitoa fedha na mafuta, parokia zilikuwa mahali pa kukutania na kutunzia hesabu. Hivyo ndivyo sehemu kubwa ya njia zetu zilivyobaki wazi.

Mwaka 1989 ulizaliwa Chuo Kikuu Katoliki cha Graben huko Butembo. Kijana wa leo anayepita mbele ya majengo yake huona chuo tu. Lakini kabla ya hapo mtoto wa Lubero aliyetaka shahada alipaswa kuvuka nchi hadi Kisangani, Lubumbashi au Kinshasa, na ni familia gani ya mkulima ingeweza hilo? Kukijenga chuo hapa kulikuwa kusema kwamba elimu ya juu si mali ya watu wa miji mikubwa. Huo ulikuwa ndio usawa, ingawa hatukumbuki mtu yeyote akilitumia neno hilo siku zile.

Mnajua mwisho wa Kataliko. Akiwa Askofu Mkuu wa Bukavu alinena waziwazi dhidi ya unyonyaji wa watu wake wakati wa vita, na Februari 2000 wakuu wa uasi wa RCD wakamzuia kurudi kwake, wakamweka uhamishoni Butembo, yaani nyumbani. Alirudi Bukavu Septemba mwaka huohuo, na tarehe 4 Oktoba akafariki Roma. Sisi tulikuwa walimu vijana siku alipoletwa kama mfungwa katika mji ambao alikuwa ameuhimiza ujijenge. Tuliona watu wakienda kumsalimia wakiwa na kuku na ndizi mkononi.

Hata hivyo, historia ikiandikwa kwa ajili ya kusifu tu haiwafai ninyi. Kujitegemea kwetu kulikuwa na upande wa kivuli. Kuanzia mwanzo wa miaka ya 1990 wazazi ndio waliowalisha walimu kwa michango ya kila mwezi. Bila wao shule zingefungwa, na sisi wenyewe tulikula ugali wa michango hiyo, kwa hiyo hatuwezi kuidharau. Lakini ni nani aliyerudishwa nyumbani mwezi ulipoisha na mchango haujalipwa? Mtoto wa mjane. Na palipokuwa na fedha ya mtoto mmoja tu, ni nani aliyebaki kulinda nyumba? Msichana. Tuliwafukuza kwa mikono yetu wenyewe, tukiwa na orodha mezani, na hali hiyo iliendelea hadi elimu ya msingi katika shule za serikali na zile zilizo chini ya dini ilipotangazwa kuwa bure, Septemba 2019. Kazi iliyoitishwa na jamii yenyewe inaweza kuwaacha nje baadhi ya wanajamii. Katika mila ya Wanande palikuwa na kyaghanda, mahali pa moto ambapo wanaume wa ukoo waliketi jioni na kukata maneno. Palikuwa mahali pa hekima, hatubishi. Lakini mama aliyepika chakula cha mahali pale hakuketi, kijana alisikiliza akiwa amesimama, na Mbuti wa msituni hakuitwa kabisa. Kwa hiyo tunaposema "jamii imeamua", inafaa tuulize tena: waliketi nani?

Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa huko Mangina, mwendo mfupi tu kutoka hapa. Ninyi mlio na miaka ishirini leo mlikuwa watoto wa shule. Mnakumbuka ndoo za maji yenye klorini mlangoni mwa kanisa, na amani tuliyotakiana kwa kuinamisha kichwa badala ya kushikana mikono. Ugonjwa ule ulidumu hadi tarehe 25 Juni 2020. Waliougua walikuwa 3,470, na waliokufa 2,287. Tunataka kukaa hapa kidogo, kwa sababu sijapata, wala wenzangu wa umri wangu hawajapata, kuona shule kubwa kuliko hiyo juu ya maana ya kujitolea.

Kumbukeni jinsi kazi ya kupambana na ugonjwa, ile tuliyoiita Riposti, ilivyoingia. Watu walikuwa wakichinjwa kuizunguka Beni tangu Oktoba 2014. Agosti 2016 makumi ya ndugu zetu waliuawa Rwangoma kwa usiku mmoja. Tulilia, tukaandika barua, tukaandamana, na misafara mikubwa haikuja. Kisha ukaja ugonjwa unaoweza kuvuka mipaka na kufika nchi za wengine, na ghafla mji ukajaa magari meupe. Mama mmoja wa soko alituambia: "Panga halikuwaleta, homa imewaleta." Si haki kusema kwamba waliokuja hawakutupenda, wengi walihatarisha maisha yao, na daktari wa Kikameruni Richard Mouzoko aliuawa kwa risasi Butembo tarehe 19 Aprili 2019 akiwa kazini katika hospitali ya chuo kile cha Graben. Lakini swali la mama yule lilikuwa la kweli, na halikujibiwa.

Likaja jambo la kura. Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya uchaguzi wa rais, tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo zitapiga kura Machi 2019, wakati ambapo rais mpya angekuwa amekwisha kuapishwa. Sababu zilizotajwa ni Ebola na usalama. Zaidi ya wapiga kura milioni moja waliambiwa kwa hiyo kwamba sauti yao haina uzito. Kesho yake hasira ililipuka, na kituo cha kupokea wagonjwa hapa Beni kikavamiwa. Hatutaficha kwamba vijana wetu walikuwamo, na kwamba wagonjwa walikimbia siku ile. Lakini tarehe 30 Desemba vijana hao wa mji huohuo walifanya jambo jingine. Walipanga uchaguzi wao wenyewe: wakatengeneza karatasi za kura, wakaweka masanduku, wakapanga watu kwenye mistari mirefu, na kila mpiga kura alinawa mikono kabla ya kupiga. Matokeo hayakuhesabiwa na serikali yoyote. Sisi tuliosimama katika mstari ule tuliona nidhamu ambayo salongo ya miaka yote haikuweza kuileta, na ndoo za kunawia zilionyesha kwamba watu hawakuwa wakiukataa ukweli wa Ebola. Walikuwa wakikataa kutumiwa.

Mnamo Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilichomwa moto, kwa siku tatu tu kati ya kimoja na kingine. Katika miezi hiyo kijana aliyevaa fulana ya kujitolea aliweza kupigwa mawe na jirani yake. Wa kwanza kupigwa walikuwa vijana wa Msalaba Mwekundu waliokuwa wakizika wafu. Fikirini kazi yao. Mwili wa aliyekufa kwa Ebola una virusi vingi kuliko wa mgonjwa, na kwetu maiti huoshwa, hukumbatiwa, huliliwa kwa kuguswa. Vijana hawa walikuja wakiwa wamefunikwa mwili mzima, wakamtia marehemu katika mfuko, wakaondoka naye. Uvumi ukatanda kwamba ndani ya jeneza wamepanga mawe, na kwamba viungo vya watu vinauzwa.

Wangeweza kuwaita watu wajinga, na kuna wakubwa waliowaita hivyo. Lakini baadhi ya wale waliojitolea walipewa kazi ambayo mwanzoni ilionekana ndogo: kutembea nyumba kwa nyumba na kuandika yale watu wanayoyasema, maswali, hasira na uvumi, kama yalivyotamkwa, kisha kuyapeleka mezani. Maneno hayo yalipokusanywa na kusomwa, yalibadili namna ya kuzika. Pakatumika mifuko yenye sehemu angavu, ili familia imwone mtu wake na kujua kwamba ndiye. Ndugu wakaruhusiwa kusimama karibu zaidi na kusali. Katika sehemu zisizofikika kwa usalama, wanakijiji wenyewe wakafundishwa kuzika. Angalieni vizuri kilichotokea. Kijana mwenye daftari alirudi katika historia yetu, lakini safari hii hakuandika majina ya wasiokuja kazini. Aliandika maneno ya wenye msiba.

Kundi la pili ni la waliopona, tuliowaita washindi. Mtu aliyepona Ebola hupata kinga, naye anaweza kumkaribia mgonjwa kuliko mwingine yeyote. Wanawake kwa wanaume wa Beni na Butembo waliotoka vituoni wakiwa wamepoteza mume, mama au watoto walirudi kwenye milango ileile kuwabeba watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa au wamekufa. Nyumba za watoto zilifunguliwa kando ya vituo kwa msaada wa UNICEF, na walezi wake walikuwa washindi. Hakuna mtaalamu kutoka ng'ambo aliyeweza kuifanya kazi hiyo, kwa kuwa haikuhitaji cheti, ilihitaji damu iliyokwisha kushinda. Tuongeze pia wagonjwa 681 wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina walioshiriki katika jaribio la dawa nne, ambalo Agosti 2019 lilionyesha kwamba mbili kati yake huokoa watu wengi zaidi. Moja ya hizo mbili ilitokana na damu ya Mkongo aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995. Dawa hizo ziliidhinishwa Marekani mwaka 2020. Tunaposoma kwamba maendeleo hutoka huko kuja huku, tuyakumbuke machela ya Katwa.

Lakini fedha. Hatuwezi kuliruka. Riposti ilileta malipo ya kila siku katika mji ambao mwalimu alikuwa akihesabu franka. Magari yalikodiwa, nyumba zilipandishwa kodi, watu wakaanza kusema juu ya biashara ya Ebola. Neno "kujitolea" likageuka ghafla kuwa mlango wa ajira, na mlango ukapata mabawabu. Sisi tuliwahi kupeleka orodha ya vijana waliochaguliwa na mitaa yao katika kikao. Orodha ikarudi ikiwa na majina mengine, ya ndugu wa watu fulani, na wawili kati yao hawakuwa hata wakazi wa mtaa. Tulilalamika. Tukaambiwa tusubiri. Jirani aliyemwona mgeni huyo akija na kipaza sauti kumfundisha juu ya kunawa mikono alifunga mlango, nasi hatukuwa na la kumwambia.

Na kuna lililo baya zaidi. Septemba 2020 waandishi wa habari walichapisha ushuhuda wa wanawake 51, wengi wao wa Beni, waliosema kwamba walitakwa miili yao ili wapate kazi katika Riposti au wasifukuzwe. Tume huru, ambayo mmoja wa wenyekiti wake wawili alikuwa mama Mkongo Julienne Lusenge, ilitoa taarifa tarehe 28 Septemba 2021. Ilitaja watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani. Waliotendewa walikuwa wasichana wa rika lenu, wenye vyeti mkononi, waliokuja kusema: nipo tayari kuwatumikia watu wangu. Wasichana mnaosoma ukurasa huu, mkiona mahali ambapo nafasi ya kutumikia inagawiwa na mtu mmoja peke yake, nyuma ya mlango uliofungwa, pasipo orodha inayosomwa hadharani, msiingie peke yenu. Nanyi wavulana, msiseme kwamba hayo ni mambo ya wanawake. Ilikuwa ni wizi wa heshima ya watu, na pia ulikuwa wizi wa kazi yenyewe, kwa kuwa mitaa haikuweza tena kumwamini aliyetumwa.

Katikati ya mwaka 2019 uongozi wa kazi ile ulibadilika, ukakabidhiwa Profesa Jean-Jacques Muyembe, na zaidi na zaidi watu wa hapa wakapewa nafasi ya kuongoza. Ebola ilipojitokeza tena Butembo Februari 2021, waliougua walikuwa 12 na waliofariki 6, na Mei iliisha. Ilipojitokeza hapa Beni Oktoba mwaka huohuo, waliougua walikuwa 11, wakafariki 9, na Desemba iliisha. Hatusemi kwamba sababu ni moja; chanjo ilikuwapo tangu mwanzo na dawa zilikuwa zimejulikana. Lakini waliokwenda nyumba kwa nyumba safari hizo walikuwa kwa sehemu kubwa wauguzi na vijana wa hapahapa waliokwisha kufundishwa na msiba wa kwanza, wanaojua ni mlango upi unabishwa na upi unaitiwa kwa jina la mtoto wa kwanza. 

Mwaka huohuo wa 2021, mwezi wa Aprili, wanafunzi wa Beni walitoka madarasani wakaenda kulala katika uwanja wa ofisi ya meya, usiku na mchana, wakidai Rais aje aone mauaji. Sisi walimu tuligawanyika. Wengine walisema mahali pa mtoto ni darasani, wengine waliuliza ni darasa gani lililo salama. Mei 6 hali ya kuzingirwa ilianza katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, na Juni Rais alifika Beni. Mauaji hayakukoma. Bado hatujakubaliana kati yetu kama tulipaswa kuwazuia au kwenda kulala pamoja nao, na tunaliacha neno hilo hapa likiwa wazi.

Turudi Bungulu. Tangu vita vilipofika Goma mwanzoni mwa 2025 na ofisi za jimbo kuhamia Beni, mji wetu umejaa zaidi. Familia zinakaa tatu katika nyumba ya moja, na wakimbizi wa ndani kutoka pande nyingine wanaongezeka juu ya wale wa zamani. Vijana wetu, baada ya swali la yule msichana, walikubali kutoanza na majembe. Walipita wawili wawili, mvulana na msichana, katika nyumba zilizopokea wakimbizi, wakiwa na daftari. Walikuwa wametayarisha masomo ya kusoma na kuandika. Wazazi waliwashukuru, kisha wakasema jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria: watoto wao wanajua kusoma, lakini buletini za shule ziliungua pamoja na nyumba, na mkurugenzi wa shule hawezi kumpokea mtoto wa darasa la tano asiye na karatasi. Walichohitaji ni mtu wa kwenda nao shuleni, anayejua kuzungumza na ofisi, ambaye hatawaomba kitu.

Hiyo ndiyo kazi inayofanywa sasa, kila Jumatatu na Alhamisi mchana. Baadhi ya wakurugenzi wamekubali kuwapima watoto kwa mtihani mfupi, wengine bado. Mitaro haijazibuliwa. Wenye nyumba za kandokando yake wameitana wenyewe kwa Jumamosi ijayo baada ya Misa ya asubuhi, na wamemwomba mama mmoja mkimbizi kutoka Eringeti, aliyekuwa katibu wa chama cha wakulima huko kwao, aandike yatakayosemwa.